Betri imebadilishwa, muziki umefungwa mpaka nilete kadi ya ramani ya Japani: wauza magari, semeni ukweli

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, ila nitaandika kwa utaratibu ili wauzaji wa magari yaliyotumika kutoka Japani, ambao najua wamo humu, wasipate kisingizio cha kusema kwamba mlalamikaji anatukana.

Gari langu nililinunua kwenye yadi moja hapa Dar es Salaam. Tangazo lilisema lina navigesheni, Bluetooth, USB, DVD na TV. Dalali akayarudia maneno hayo kwa kujiamini, na nilipoomba punguzo nikaambiwa kwamba bei ni ya haki kwa kuwa gari ni "full". Miezi ya mwanzo sikuwa na neno. Simu iliungana na mtambo wa redio wa gari, taarabu ikapigwa, na mawaidha ya asubuhi nikayasikiliza nikiwa kwenye foleni ya Ubungo. Kisha betri ikafa. Fundi umeme akaweka mpya, gari likawaka vizuri kabisa, na kuanzia dakika ile sijasikia wimbo hata mmoja ndani yake.

Mtambo haujaungua. Skrini inawaka, taa za vitufe zinawaka, lakini katikati ya skrini kuna kisanduku chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu nyingi chini yake. Niliyapiga picha kwa simu nikayatafsiri, nikakuta ninaombwa kuingiza kadi sahihi ya ramani. Ukibonyeza kitufe cha FM, unarudishwa kwenye kisanduku. Ukiingiza CD, inamezwa na kisanduku kinabaki palepale. Bluetooth haionekani kwenye simu, na waya wa kuchomeka haupitishi chochote. Sauti pekee iliyosalia ni ya yule mama wa Kijapani, ambaye kila mwenye gari la namna hii anamfahamu, anayesema mara tu unapowasha gari kwamba kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Yeye hakufungwa, kwa sababu kidude chake kinajitegemea.

Nimejifunza kwa mafundi jinsi jambo hili linavyotokea, na ninalieleza hapa kwa sababu yadini hakuna aliyelieleza. Katika mitambo mingi ya aina hii, ramani haimo ndani ya mtambo wenyewe bali imo kwenye kadi ya SD inayokaa nyuma ya skrini au pembeni yake. Umeme ukikatika, mtambo unapowaka upya huitafuta kadi hiyo ili ujihakikishie kwamba haujaibwa, na usipoiona hujifunga wote, sauti pamoja na ramani. Kadi yenyewe kwa macho ni kadi ya SD kama nyingine yoyote, hivyo wapo wanaoichomoa safarini au yadini wakidhani ni memori kadi ya bure. Gari linaweza kukaa hivyo muda mrefu bila dalili yoyote, kwa kuwa umeme wa betri haujakatika, na siku unapokatika muuzaji ameshahesabu pesa zake zamani. Kutafuta kadi nyingine si jibu rahisi pia, kwa sababu kadi ya mtambo wa toleo jingine hukataliwa.

Sipingi kinga dhidi ya wizi. Ninachouliza ni kwa nini spika zangu na nyimbo zilizomo kwenye simu yangu zifungwe na ramani ya nchi nisiyoishi. Hata mtambo ulipokuwa mzima, ramani hiyo haikuwa na barabara hata moja ya Tanzania. Mawimbi ya setilaiti mtambo unayapokea popote ulipo, lakini kama kadi imechorwa Japani peke yake, ukiwa Morogoro unaelea kwenye eneo tupu lisilo na jina. Kwa hiyo nililipia navigesheni isiyoniongoza popote, na sasa kitu hicho hicho kisicho na faida kwangu kimeushika mateka muziki wote.

Nilirudi yadini. Jibu nililopewa, na ninalinukuu kama lilivyo, ni hili: "Bosi, gari ni injini, redio ni mapambo tu." Kama ni mapambo, kwa nini yalitajwa kwenye tangazo kabla ya injini?

Kuhusu FM nako kuna ukimya unaokera, na huu unamhusu hata yule ambaye mtambo wake haujajifunga. Redio za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kwa miaka mingi zimekuwa zikipokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na baadhi ya zile mpya hadi 95, ilhali FM ya kwetu inaanzia 87.5 hadi 108. Eneo ambalo mifumo hiyo miwili inakutana ni dogo sana. Mkazi wa Dar anapata Clouds FM kwenye 88.5 na Wasafi FM kwenye 88.9, anaridhika kwamba redio inafanya kazi, halafu anashangaa kwa nini akitafuta kituo cha 93.7 au cha 100 na zaidi anakuta namba zenyewe hazimo kwenye mtambo. Yadini ndipo huletwa dawa ya haraka, kile kidude kinachochomekwa kwenye waya wa antena ambacho mafundi wanakiita ekspanda. Hakiipanui redio hata kidogo. Kazi yake ni kuyashusha mawimbi. Kama kinashusha kwa megahezi 20, kituo cha 98.0 utakisikia kwenye 78.0, na hapo ni sawa. Lakini kituo cha 93.7 kitashuka hadi 73.7, ambako redio yako haifiki, na hivyo vituo vingi vya kati ya 90 na 96 vinapotelea shimoni. Ni hesabu ya kutoa tu. Mteja angeonyeshwa hesabu hiyo kabla ya kulipia ekspanda, angalau angejua kuwa kinachoshusha kwa 15 kingemfaa zaidi kwa kituo anachokipenda.

Mengine nayapitia haraka. TV ya magari hayo ni ya mfumo wa Japani, nasi tunatumia mfumo mwingine wa kidijitali, kwa hiyo haitaonyesha kitu hapa hata uiombee dua. DVD halali zilizowekewa alama ya kanda yetu ya dunia, ambayo ni ya 5, zinaweza kukataliwa kwa kuwa mitambo ya Japani ni ya kanda ya 2. Neno Bluetooth kwenye tangazo halitoshi, maana ipo mitambo ya zamani ambayo Bluetooth yake ni ya kupokelea simu tu na muziki haipitishi. Na wale wanaonunua flashi au kadi ya GB 64 kisha wakaambiwa haisomeki, mara nyingi kadi ni nzima kabisa. Mitambo ya umri huo imezoea mpangilio wa mafaili uitwao FAT32, na kadi zinazozidi GB 32 hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio mwingine.

Jirani yangu ana gari ambalo mtambo wake una diski ngumu inayonakili CD. Nyimbo za mwenye gari wa zamani bado zimo, albamu kwa albamu, majina yote kwa Kijapani, na nyumbani kwake bado pamewekewa alama kwenye ramani. Hakuna aliyejali kufuta faragha ya mtu huyo kabla ya kuliuza gari, sembuse kujali kama mnunuzi mpya ataweza kuutumia mtambo.

Sasa nimebaki na njia mbili. Kuna fundi anayesema kwamba zile tarakimu zilizo chini ya kisanduku zinaweza kukokotolewa zikatoa namba ya kufungulia, lakini anataka alipwe kwanza na hatoi uhakika kwamba umeme ukikatika tena mtambo hautajifunga upya. Mwingine ananishawishi nitoe mtambo wote na kuweka redio ya Android. Bei yake si ndogo, na bado ameniambia kwamba bila vifaa vya ziada vitufe vya kwenye usukani na kamera ya nyuma havitafanya kazi. Gharama zote mbili ananibebesha mtu aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba kadi haimo.

Ninachodai kwa wenye yadi ni kitu cha dakika chache. Kabla mteja hajalipa, fungueni waya wa betri mbele yake, subirini kidogo, urudisheni, kisha muwashe mtambo na mpige wimbo mmoja kutoka kwenye simu ya mteja mwenyewe. Ukijifunga, ni hasara yenu. Na kwenye tangazo andikeni lugha ya mtambo, mwisho wa FM yake, na kama kadi ya ramani ipo. Muuzaji wangu nimempelekea madai haya kwa maandishi pamoja na picha ya skrini na nakala ya tangazo lake, nikimtaka alete kadi au alipe gharama za kufungua.

Waliowahi kufunguliwa mtambo wa namna hii kwa zile tarakimu, naomba mtaje toleo lililoandikwa kwenye kibandiko chake, mlilipa kiasi gani, na kama ulihimili betri ilipotolewa tena.