Mtoto wangu anasali hovyo mbele za watu. Nimkaririshe sala?

MzeeWaKimara (mleta mada):
Wakuu, salaam. Naomba ushauri, hasa kwa wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili.

Nina binti wa miaka mitano. Nikitoka kazini jioni tunakula, kisha tunafanya ibada ya familia kabla ya kulala. Mimi ni mzee wa kanisa, nimezoea kuongoza maombi. Huyu mtoto anasali kama anaongea na jirani dirishani. Anashika neti ya kitanda, anafumba jicho moja, anaanza: "Mungu, asante kwa maandazi. Ya jana hayakuwa na iliki. Kuku wa bibi anaumwa mguu. Amina."

Nyumbani tulikuwa tunacheka. Lakini juzi jumuiya ilikutana kwetu, akaombwa afunge kwa sala, akaniaibisha mbele ya watu. Nimeamua kuanzia sasa asali Baba Yetu tu mpaka akili ikomae, na nimeshaanza kumkaririsha. Shida ni kwamba amegoma kusali kabisa. Nimchape au nimwache?

MamaTumaini:
Usimchape mtoto kwa ajili ya sala, nakuomba sana. Nafundisha Shule ya Jumapili huku Tandika mwaka wa tisa sasa. Kukariri si vibaya, Bwana mwenyewe aliwapa wanafunzi maneno ya kusema. Lakini siku moja mtoto wangu wa darasani aliinua mkono: "Mwalimu, Majaribuni ni wapi? Ni mbele ya Mbagala?" Miaka miwili alikuwa anasali "usitutie majaribuni" akidhani anamwomba Mungu asipandishwe daladala ya huko. Wa kwako anajua anachosema. Huo ni mtaji.

KibokoYaFoleni:
Maandazi bila iliki ni kesi, na mtoto kaipeleka panapohusika 😂
Marehemu baba yangu alikuwa anaombea chakula mpaka ugali unaota ngozi. Alianzia na viongozi wa nchi, akapita kwa wagonjwa wote wa Temeke, sisi macho yako kwenye samaki. Nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo ambariki baba akatike sauti kidogo tu. Nadhani hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza ya kweli.

AbuSuhayla:
Mimi ni Muislamu, mniwie radhi kuingia. Sisi tuna swala yenye nguzo zake, na tuna dua, ambayo unamwomba Mola wako kwa lugha yako. Katika Sura Maryam, Nabii Zakariya alimwita Mola wake kwa siri, akaanza kwa kueleza hali yake: mifupa imedhoofika, kichwa kimejaa mvi. Haja yake aliitaja baadaye. Binti yako yuko kwenye njia hiyo hiyo.
Ila ndugu, hujasema alisema nini siku ile. Maandazi hayaaibishi mtu mzima.

MzeeWaKimara:
Alitaja mambo ya ndani ya nyumba. Siyo ya kuweka hapa.

MamaTumaini:
Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Sema.

MzeeWaKimara:
Sawa. Nilipunguzwa kazini miezi minne iliyopita. Mke wangu hajui. Ana mimba ya miezi saba na presha inampanda, ndiyo maana nilitaka nipate kazi nyingine kwanza. Kila alfajiri navaa, napanda mwendokasi, nashuka, nazunguka na bahasha ya vyeti, nikichoka nakwenda kukaa Feri, pale kwenye kivuko cha Kigamboni. Kiinua mgongo ndicho ninachokigawa kama mshahara.

Siku moja mke alikuwa kwenye msiba Korogwe na chekechea imefungwa. Sikuwa na wa kumwachia mtoto, nikaenda naye. Tukakaa tunaangalia pantoni. Akaniuliza, "Baba, kazi yako ni ipi?" Pantoni iitwayo MV Kazi ilikuwa inatia gati. Nikamwonyesha: ile pale.

Kwenye jumuiya akasali hivi: "Mungu, baba amechoka kukaa Feri. Mpe kazi isiyoondoka. Amina."

Watu walikaa kimya. Nikacheka, nikasema huyu mtoto huwa anaota. Akanitazama: "Sikuota." Nikamwambia anyamaze. Tangu siku hiyo hajasali.

Msinihukumu. Nalinda afya ya mke wangu.

MpendaUshahidi:
Chai. Mwanzo umeandika "nikitoka kazini", sasa huna kazi miezi minne. Na "kazi isiyoondoka" si kauli ya mtoto wa chekechea, ni ya mtunzi wa hadithi.

KibokoYaFoleni:
Hata mimi naona majani ya chai. Ila mkuu, usifunge uzi.

KarangaZaFeri:
Nauza karanga pale Feri. Mtu anayesubiri pantoni anaangalia maji. Kuna wengine wamechomekea, viatu vimeng'arishwa, wanaangalia saa, pantoni zinakuja na kuondoka wao wapo. Jua likishuka wanajifuta vumbi, wanaenda nyumbani. Nawauzia karanga za mia mbili, nawaamkia, siwaulizi kitu. Kama huyu ni mmoja wao sijui. Lakini msiite chai kitu ninachokiona kila siku.

MzeeWaKimara:
@MpendaUshahidi, neno "kazini" nimelisema kila jioni kwa miezi minne, limetoka lenyewe nilipokuwa naandika. Mtoto aliona kazi ya baba inajaa watu, inapiga honi, inaondoka, baba amebaki kwenye benchi. Alisema alichokiona. Ukiona nimetunga, sawa.

MamaTumaini:
Mimi nakuamini, na ndiyo maana nitasema wazi. Kwa mkeo, tafuta namna, mwende pamoja kliniki kama unaogopa presha. Lakini mtoto ana haki yake peke yake. Alisema kweli mbele za Mungu, ukamwita mwota ndoto mbele za watu. Sasa unamletea Baba Yetu iwe kufuli ya mdomo.
Zaburi ya 13 inaanza kwa Daudi kumuuliza Mungu "hata lini?", bila salamu. Yule mtoza ushuru hekaluni alisema sentensi moja. Wewe mwenyewe, miezi hii minne, umewahi kumwambia Mungu kwa sauti kwamba huna kazi?

MzeeWaKimara:
Hapana. Nimeomba "milango ifunguke", nimeomba "kibali". Hilo neno sijalisema.

AbuSuhayla:
Allah akufanyie wepesi.

MzeeWaKimara:
Narudi kutoa mrejesho.

Jana usiku nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Nikamwambia, "Hukuota. Baba alisema uongo." Akauliza kama Mungu naye nimeshamwambia. Nikasema bado. Akaniambia, "Sali wewe kwanza," akanishikisha neti.

Nikasema, "Mungu, sina kazi. Naogopa kumwambia mama yake. Amina."

Akaongeza, "Na kuku amepona."

Nilipofumbua macho mke wangu alikuwa mlangoni na ndoo ya maji ya kuoga.

KibokoYaFoleni:
Mkuu, akasemaje??

MzeeWaKimara:
Aliweka ndoo chini, akaja kukaa upande wa pili wa mtoto. Akaniuliza, "Feri huwa unakula nini mchana?"