MJADALA: Eti tozo sio kodi? Njooni tuelewane

Wakuu habari za jioni, niko Moshi hapa na kuna hoja nimeisikia mpaka imenichosha, eti tozo sio kodi kwa sababu kodi inaingia mfuko mkuu halafu ndo inapangiwa kazi, ila tozo inakuja na kazi yake tayari. Darasani inapendeza, mtaani haisimami.

Neno tozo ni la kwetu, linatokana na kutoza, ila Waingereza wao wanaita levy, na asili ya hilo lao ni Kifaransa, kuinua. Zamani Waingereza walilitumia hata kwa kukusanya vijana kwenda vitani, leo wanalitumia kwa kodi karibu yoyote, na hata kitendo chenyewe cha kutoza wanakiita hivohivo. Kote humo kinachobaki ni LAZIMA. Najua kuna mtu atasema tozo ya miamala ya simu ungeweza kuikwepa, si ubebe keshi mkononi. Haya, mtoto yuko chuo Dodoma, hela ya kula utampelekea kwa mguu?

Tukumbushane ilivyokuwa. Julai 2021 ikaanza, shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja, watu wakapiga kelele, Septemba ikapunguzwa asilimia 30, ikaendelea kuchezewachezewa hadi 2023 ikaondolewa kwenye kutuma na kupokea. Tukashangilia wee, kumbe Julai ya mwaka huohuo petroli na dizeli zimeongezwa shilingi 100 kwa lita! Sasa ndizi ninazouza zinazoshuka soko la Mbuyuni hapa Moshi zinakuja kwa gari, na mwenye gari hiyo mia hailipi yeye, ananirudishia mimi na mimi namrudishia mama anayenunua mkungu. Na kazi maalum tuliyoambiwa kwenye miamala ilikuwa vituo vya afya na madarasa, yani vilevile tunavyokatwa VAT kila siku vijengwe. Tozo ya mafuta inayoenda Mfuko wa Barabara hapo nakubali kidogo, angalau mfuko unajulikana na lami tunaikanyaga.

Na huku kwetu mchezo wa majina sio mpya. Miaka ya 1940 wakoloni walileta kodi ya kupanda kulingana na mali ya mtu, wakaibatiza mbiru, jina la kitu ambacho Wapare walikuwa wanawapa machifu wao toka zamani, ili ionekane ya nyumbani. Wazee hawakuingia mkenge, 1945 wakateremka milimani kwa maelfu mpaka Same wakagoma, na baadae ikafutwa.

Mimi sipingi kulipa, eleweni hapo. Ila mnaosema tozo sio kodi nijibuni hili moja, siku hela ya tozo ikihamishiwa kazi nyingine, mwananchi wa Kiboriloni anamshtaki nani na kwa sheria ipi? Machalii wa Chuga (Arusha) mnaojua sheria karibuni, matusi hapana.