Uliwahi kuona "mwanaume anayevaa kike" akipigwa mtaani? Tupeane uzoefu (Arusha/Moshi)

NdiziMshale: Habari za jioni wakuu. Jana nilikuwa sokoni Kilombero, vijana wakamzonga mtu aliyevaa dera. Wanamvuta mtandio, wanacheka. Akajitupa ndani ya kifodi, kikaondoka wakigonga bati. Muuza vitunguu akaendelea kupima kana kwamba mbuzi amepita. Na mimi nikapokea chenji yangu.

Usiku nikamkumbuka mpangaji wa chumba cha uani Ngarenaro, tulikuwa tunamwita Anti. Alikuwa anapika vitumbua. Asubuhi moja tukakuta mlango umevunjwa, yeye hayupo, unga umemwagwa uwanja mzima. Hakuna aliyeuliza. Wiki ile ile chumba kikapata mpangaji mwingine. Mliokutana na haya, leteni.

Sakina Juu: Kumbe kila nyumba ya kupanga ilikuwa na Anti wake.

Mzee Kibosho: Mila na dini zetu haziruhusu mambo haya. Tujadili bei ya mbolea.

Sakina Juu: Mbolea ina jukwaa lake mzee wangu. Hapa tumeulizwa nani kapigwa.

Mama Saluni: Nilikuwa napita tu, lakini ngoja niseme. Nina saluni Moshi, Majengo. Nilikuwa na msusi, nimwite N. Alizaliwa wa kiume, lakini nilimpokea akiwa dada na mpaka leo kwangu ni dada. Twende kilioni ya N ilikuwa haivuti kichwa. Wanawake walikuwa wanatoka Himo kumfuata.

Siku hiyo ni Jumamosi, foleni ya harusi. N akatoka kununua vocha. Kijana mmoja alikuwa amemtongoza wiki nzima, sasa wenzake wamemwambia N ni nani, wakamcheka. Akaona aibu yake aimalizie kwa N. Hakupiga kelele kwamba huyu anavaa kike. Alisema neno moja tu: MWIZI.

Mnajua neno hilo likitoka mtaani inakuwaje. Mimi nimetoka na kitana mkononi nakuta watu arobaini. Wamemvua blauzi, wamemvua wigi, mmoja amelishika wigi juu kama sungura aliyekamatwa. Nikapiga kelele kwamba ni msusi wangu, hajaiba kitu. Basi mmoja akajibu, "Tunajua hajaiba." Na mkono wake haukusimama! Hapo ndipo nguvu ziliponiishia.

Aliyemuokoa ni bibi anayeuza mbege kilabuni nyuma yetu. Alikuja na kata yake ya kuchotea pombe, akamlalia N juu, mwili mzima. Akasema nipigeni mimi niliyewanywesha baba zenu. Hakuna aliyethubutu kumgusa bibi yule.

Kituoni wakauliza jina. Kitambulisho kinasema jina la kiume, mtu amekaa na kanga. Wakaitana kuja kumtazama. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo tukufungulie kesi ya kupigwa au tukufungulie wewe?" N akaniambia mama twende nyumbani. Mbavu mbili. Nilimfunga kwa kitenge changu.

Jumapili kikao cha mtaa. Ajenda haikuwa waliopiga. Ajenda ilikuwa N ahame lini.

NdiziMshale: Mama, pole sana. Nimesoma mara mbili.

Kijenge Mwanasheria wa Kijiweni: Mngefungua kesi bana. Kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, kumpiga mtu ukamjeruhi ni hadi miaka mitano. Hakisemi aliyepigwa awe amevaa nini.

Mzee Kibosho: Na cha 154, cha kulawiti, umekisahau? Maisha jela.

Kijenge Mwanasheria wa Kijiweni: Sijakisahau. Kinazungumzia tendo, hakizungumzii dera. Ila kila anayepigwa anakiogopa, na wapigaji wanajua anakiogopa. Ndiyo maana wanapiga mchana kweupe.

Nesi Mstaafu: Ushauri: dai PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, bila PF3 utazungushwa. Nenda dawati la jinsia, usisimame kaunta.

Sakina Juu: Dawati lenyewe pazia tu, ukisema neno kaunta wanasikia. Mimi nasema hospitali kwanza, mbavu hazisubiri fomu.

Nesi Mstaafu: Nimefanya kazi miaka 31, usinifundishe.

Chalii wa Unga Ltd: Ushauri wangu ni kata ya mbege 😂

Mzee Kibosho: Huyo KAKA mngemshauri avae suruali, yote haya yasingetokea.

Sakina Juu: Sema "yeye" mzee. Kiswahili kimekupa neno lisilo na ubishi, unajisumbua nini.

Tengeru-Boston: Niko Marekani. Msidhani ni kwetu tu. Mwaka 1998 huku Boston, mtaa wa Allston, dada mweusi aitwaye Rita Hester, aliyezaliwa wa kiume kama N, alichomwa visu nyumbani kwake. Magazeti yakamwandika kama mwanaume, wenzake wakalalamika. Kumbukumbu ya kila 20 Novemba, ya watu kama yeye waliouawa, ilianza kwa ajili yake, mwaka 1999. Aliyemuua hajapatikana.

Chalii wa Unga Ltd: Boston mbali arif. Sisi tunakumbuka Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar wa wakati ule alipotangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuomba watu wapeleke majina. Wizara ya Mambo ya Nje ikasema ni maoni yake, si msimamo wa serikali. Lakini mtaani nani anasoma tamko la wizara? Binamu yangu alipanda basi la usiku kuja kwetu, miezi miwili hatoki nje. Mama alikuwa anampelekea chai chumbani, hasemi kitu.

boda_pasua: Mama Saluni. Jumamosi hiyo ni ile bibi alipoteza kiatu?

Mama Saluni: Wewe umejuaje kiatu?

boda_pasua: Nilikuwepo. Niliegesha pikipiki nikakimbilia niliposikia mwizi. Nilipiga teke mbili. Teke la kwanza nilidhani ni mwizi. La pili nilishajua siyo.

NdiziMshale: Duh.

Mzee Kibosho: Kijana, hapo hata mimi siwezi kukutetea.

Kijenge Mwanasheria wa Kijiweni: Boda futa hiyo, unajichongea.

boda_pasua: Sifuti. Yuko wapi sasa?

Mama Saluni: Huko aliko hapakuhusu. Bibi yupo, kilabu ni kile kile. Kiatu kilikuwa raba nyeusi, mguu wa kushoto. Kampelekee.

boda_pasua: Namba ngapi mama?

Mama Saluni: Kamuulize mwenyewe.