Tupeane uzoefu: ndege na mimea ukingoni mwa Bwawa la Hombolo asubuhi za kipupwe

Mtembezi Ukingoni
Mbukwenyi wadau. Wanaoanza kutazama ndege Hombolo huuliza yale yale: ufike saa ngapi, usimame upande gani, uandike nini. Kila mmoja aweke anachokijua kwa vitendo.

Naanza. Julai, Dodoma jua huchomoza kama saa 1 kasoro dakika 10, kwa hiyo uwe ukingoni saa 12 na nusu. Njia ikiruhusu, anzia ukingo wa mashariki. Jua likiwa mgongoni rangi zinaonekana. Ukiwa magharibi kila ndege ni kivuli tu. Halafu kuna upepo. Msimu huu huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na ndege aliyetua huuelekea ili manyoya yasifumuke. Maana yake wanakutazama wewe: unaona mdomo na kifua, siyo mkia. Hata wakishtuka huanza kuruka kuja upande wako, maana ndege hupaa dhidi ya upepo. Bata nao hujibanza huko huko, nyuma ya matete, maji yalikotulia.

Nane kwa Arobaini na Mbili
Darubini ya 8 kwa 42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) inatosha. Ya 10 hutikisika mno kwenye upepo kama huna pa kuegemeza viwiko. Vumbi letu usilifute kwa shati, linachana lenzi: puliza, kisha brashi laini, kitambaa mwisho.

Mgeni wa Makulu
Shikamooni. Kitabu changu kinasema vitwitwi na korongo weupe wa Ulaya ni wageni wa majira ya baridi. Mbona kipupwe hiki siwaoni?

Mzee wa Matete
Marahaba. Baridi inayosemwa kitabuni ni ya kwao, mwanangu. Wanaikimbia huko, nasi tunawapata kati ya Oktoba na Aprili, wakati Dodoma ni joto na mvua. Vitwitwi huanza kurejea Agosti. Ukimkuta mmoja Julai, mara nyingi ni kijana ambaye hajafikia kuzaa, amebaki na rangi yake ya kijivu iliyofifia. Usimlazimishe jina.

Sasa hivi soma wenyeji. Yangeyange wanachanganywa kila siku: mwenye mdomo mweusi na vidole vya njano siyo yule mdogo mnene anayefuata ng'ombe, huyo mdomo wake ni wa njano. Mnandi akitanua mabawa juu ya kisiki anajikausha, manyoya yake hulowa. Asubuhi ya baridi hukaa hivyo muda mrefu, basi ndiyo nafasi ya kumchora. Heroe wakiwepo, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi ni heroe mkubwa. Ukiwa mwekundu wa giza mpaka unaonekana mweusi, ni heroe mdogo.

Mama Kirukia
Na mimea jamani! Kosa kubwa la kipupwe ni kuandika "mgunga una majani" kumbe ni kirukia. Mgunga wenyewe umepukutika. Kijani kile ni kichaka kilichokaa juu ya tawi, majani yake manene, hayafanani na vijani vidogo vya mgunga. Kikichanua, simama hapo dakika 10: ndege aina ya chozi watakuja wenyewe.

Ukiona mti mzima wa kijani kando ya korongo la mchanga, huo huenda ni mkababu. Wenyewe huvaa majani kiangazi na kuyavua mvua zikija. Hakikisha kwa vijiti vyeupevyeupe, miiba iliyonyooka na maganda ya rangi ya chungwa yaliyojikunja. Mbuyu uchi nao ni neema, viota vya vijiti vya miiba unavihesabu bila kuzunguka.

Mtembezi Ukingoni
Asante Mama. Nyongeza ya kuhesabu: kundi likiwa kubwa, hesabu 10 kwanza, angalia wanachukua nafasi kiasi gani, kisha pima kundi lote kwa kipande hicho. Kwelea hawakai, wapige picha uhesabu nyumbani.

Mzee wa Matete
Mtu asiingie majini kumfuata ndege. Maji yaliyotuama yenye konokono yana kichocho. Tope linalopasuka juu linaweza kuwa laini chini, lijaribu kwa fimbo kabla ya mguu. Wanaokwenda Bwawa la Mtera, kule kuna viboko na mamba, na saa 12 na nusu kiboko anaweza kuwa bado nchi kavu. Usikae kati yake na maji.