M35A2, Unimog 404 au GAZ-66: lori lipi la kufufua kwenye gereji ya nyumbani?

Chuma Chakavu
Wakuu habari za jioni. Nina mpango wa kuchukua lori la jeshi la zamani nilifufue mwenyewe gereji ya nyumbani, taratibu, alafu nilifanyie na madoido yangu kidogo. Yako matatu mbele yangu, M35A2 ya Kimarekani (ile ya tairi kumi), Unimog 404 na GAZ-66 ya Kirusi. Bei hazipishani sana. M35 na Unimog zinawaka, GAZ haijawashwa muda mrefu. Mwenye M35 anataka jibu wikiendi hii. Mngekuwa nyie mngebeba lipi? Na tafadhali asije mtu kuniambia ninunue pikapu.

Spana 17
Nunua pikapu.

Mama Grisi
Spana acha utani 😂 Mkuu umeuliza swali nusu. Unataka kulifanyia nini? Kubeba mzigo, kulala porini na familia, au la kuoshwa na kupigwa picha? Mlango wa gereji una urefu gani? Leseni yako inaruhusu gari la uzito huo? Maana M35 tupu inakaribia tani 6, Unimog 404 haifiki hata tatu na nusu. Hayo ni magari mawili tofauti kabisa, hata jeki na stendi ulizonazo sasa zinaweza zisifae.

Deuce Daima
M35 bila kujiuliza. Injini ya LDT-465, lita 7.8, turbo, imetengenezwa ile miaka ambayo mtu alikuwa anataka gari lirudi kutoka vitani hata likiwekewa mafuta ya taa. Inakula dizeli, mafuta ya ndege, na petroli ukichanganya na oili kidogo, na hayo siyo maneno ya kijiweni, vitabu vyake vya jeshi vimeandika. Vitabu vyenyewe vinapatikana, kila nati ina ukurasa wake. Fundi wa nyumbani unataka nini zaidi? Na ile filimbi ya turbo ukikanyaga mafuta, jamani.

Mzee wa Portal
Deuce kama kawaida yako. Mwambie na upande wa pili basi. Linakwenda 90 kwa saa likiwa na afya na upepo nyuma, lita 25 kwa kilomita 100 halioni shida, usukani wa mengi hauna pawa, na difu hazina loku (ya kuyalazimisha magurudumu ya ekseli moja yazunguke pamoja). Upande mmoja wa kila ekseli ukikosa mshiko umekwama na matairi yako kumi. 404 ina loku mbele na nyuma, ina portal (gia za ziada kwenye kila gurudumu zinazoinua ekseli) kwa hiyo difu imekaa juu kabisa, springi za koili, gia sita mbele zote zenye sinkro. Unaingia nayo sehemu ambayo hilo jumba lako litaishia kuangalia.

Deuce Daima
Na 404 ina injini gani vile? 😏

Mzee wa Portal
M180, petroli, lita 2.2, farasi 80 na ushee. Najua. Kupanda mlima ni kwa subira.

Chuma Chakavu
Asanteni. Samahani sikufafanua. Matumizi ni kutoka na familia, watu wanne, kulala huko huko, kwa hiyo nataka kuweka kijumba nyuma chenye vitanda. Leseni niko nayo ya magari mazito. Mlango wa gereji sijapima ila gari dogo linaingia vizuri.

Mama Grisi
"Gari dogo linaingia vizuri" 🤦🏾‍♀️ Mkuu M35 na turubai lake inakaribia mita 2.8 kwenda juu, na urefu wake unakaribia mita 7. Kapime leo kabla hujampigia mtu simu. Turubai linatoka, kioo cha mbele kinalala, kwa hiyo unaweza kuliingiza likiwa uchi, lakini siku ukishaweka kijumba ndo basi tena, litalala nje.

Babu Breki
Ngoja niseme kitu ambacho wapenda M35 huwa wanaruka. Breki za M35A2 ni za maji zinazosaidiwa na upepo, na mstari wa maji ni mmoja tu kwa ekseli zote tatu. Masta silinda moja, chumba kimoja. Bomba likipasuka popote, umebaki na ekseli sifuri.

Mimi langu nililinunua likiwa "limeshafanyiwa breki zote", ndivyo aliyeniuzia alivyosema, na kweli wili silinda zilikuwa mpya, viatu vipya, ukitazama chini kunang'aa. Siku hiyo nashuka mteremko mrefu niko gia ya nne sina haraka na mtu, nikagusa breki mara ya kwanza ikashika, mara ya pili pedali ikaenda mpaka sakafuni ikalala hapo hapo. Nikapampu, hakuna kitu. Geji ya upepo inasoma vizuri kabisa, maana upepo upo tatizo ni maji hayapo. Nikashusha gia ya tatu injini ikapiga kelele, nikavuta hendibreki kwa mkono wote, na hendibreki ya hilo gari haishiki magurudumu, ina drami yake nyuma ya transfa kesi (sanduku la kugawa nguvu kwa ekseli) kwa hiyo unabana propela. Moshi ukaanza kupanda kupitia sakafu, yule niliyekuwa naye anaomba dua kwa sauti. Lilisimama baada ya kulielekeza kwenye tuta la udongo pembeni, bampa ikaingia ndani ya udongo kama kijiko.

Sasa nilipolala chini kuangalia. Bomba la chuma linalopita juu ya ekseli ya nyuma limeshikwa na kibanio. Bomba lote limepakwa rangi safi. Chini ya kile kibanio, sehemu ya upana wa kidole, kutu ilikuwa imelila mpaka limebaki kama karatasi. Aliyefanya breki hakufungua kibanio, alipuliza rangi juu yake. Basi nikang'oa mabomba yote nikaweka ya shaba yenye nikeli, nikafunga masta silinda ya vyumba viwili, mbele peke yake na nyuma peke yake. Bila hiyo silipandi tena na familia simpandishi mtu.

Na uliza ndani kuna maji gani ya breki. Jeshi la Marekani lilihamia silikoni, na ukichanganya na yale ya kawaida utajuta.

Deuce Daima
Pole mzee. Lakini gari lolote la miaka ile unabadilisha mabomba kwanza, siyo kosa la M35.

Babu Breki
Mstari mmoja ni kosa la nani?

Kamanda Shishiga
Mbona GAZ-66 mnaipita kama jiwe la barabarani? V8 ya lita 4.25, kabini inainama mbele injini yote hii hapa, difu za kujifunga zenyewe mbele na nyuma, na unajaza au kupunguza upepo wa tairi ukiwa umekaa kwenye kiti. Ilitengenezwa kuanzia 1964 mpaka 1999, spea zipo nyingi.

Mama Grisi
Na mkono wa gia uko nyuma ya kiwiko cha dereva, na injini iko katikati yako na abiria. Ukimaliza safari umeiva upande mmoja.

Kamanda Shishiga
Unazoea 😀

Spana 17
Narudi kwa upole sasa. Mtoa mada, kama unataka kijumba, angalia chesisi kwanza. Ya 404 imetengenezwa ijipinde, ndo siri yake porini. Ukifunga kijumba kwa boliti nne ngumu kwenye pembe, kijumba kitapasuka au chesisi itapasuka, mojawapo. Unatakiwa uweke mhimili wa pointi tatu, au nne za umbo la almasi, ili chini ijipinde juu ibaki imenyooka. M35 nayo inajipinda lakini siyo kwa kiwango hicho. Na hizo portal usisahau kila gurudumu lina oili yake, sili ikichoka oili inaingia kwenye drami ya breki. Shika upande wa ndani wa kila gurudumu kwa kidole, kikitoka kinateleza jua kazi ipo.

Chuma Chakavu
Vipi kuhusu kulikata M35 kutoa ekseli moja ya nyuma libaki na magurudumu manne? Nimeona wengi wanafanya, linakuwa fupi linaingia gereji.

Deuce Daima
Hapo sasa umenigusa. Usikate. Yamebaki machache ambayo hayajachezewa.

Mzee wa Portal
Ni gari lake, akate. Yalitengenezwa kwa maelfu kwa maelfu.

Babu Breki
Akikata ahakikishe anaunga kwa boliti ngumu na siyo kuchomelea hovyo, afupishe propela kwa fundi mwenye mashine ya kuibalansi, na betri zote mbili zitolewe kabla ya kugusa mashine ya kuchomelea. Hilo ni volti 24, ukiunguza oltaneta utalia.

Nuru ya Volti
Kwa kuwa mmetaja umeme, msiibe volti 12 kwenye betri moja ili kuwasha redio na friji. Mbili ziko kwenye mfululizo, moja itakuwa inalia njaa nyingine inachemka. Funga kibadilishi cha 24 kwenda 12.

Deuce Daima
Me nimeiba na betri zina afya.

Nuru ya Volti
Subiri.

Mama Grisi
Na rangi! Usianze na grinda kavu. Rangi za jeshi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na kromiamu, vaa maski ya kichujio siyo kitambaa, lowanisha, watoto wakae mbali.

Chuma Chakavu
Nimepima mlango. Mita 2.4. 😐 Kesho naenda kuiona 404 na tochi, ila moyo bado uko kwenye lile M35.

Deuce Daima
Ondoa turubai laza kioo, linaingia. Na ukifungua tairi kumbuka nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume, usije ukakata stadi.

Spana 17
Na utoe upepo WOTE kabla ya kugusa zile ringi za kufungia rimu. Wote.

Kijana wa Nanga
Samahani kuingilia, naona mmegusa tairi. Mimi nina M35 pia, nataka kutoa zile 9.00-20 niweke tairi kubwa za radial moja moja nyuma badala ya mbili mbili, kuna aliyefanya? Inagusa springi?

Babu Breki
Fungua uzi wako kijana.

Deuce Daima
Mwacheni aulize. Mimi nimefanya, inategemea rimu umezigeuza au la, una radial za saizi gani?