Toyota Corolla DX ya 1983 (KE70) nimeiweka injini ya 4A-FE, sasa inachemsha kupanda Lushoto

mwana_wa_dx
Wakuu habari zenu. Nina DX KE70 ya mwaka 1983, gari ya marehemu baba, sote nyumbani tumepelekwa shule nayo na sipo tayari kuiuza hata kidogo. Injini yake ya 4K, ile cc 1290, ilichoka ikawa inakula oili balaa, ndo nikanunua 4A-FE ya cc 1587 iliyotolewa kwenye Corolla ya kuvuta mbele, tukaifunga na gia boksi ya T50, ikabidi fundi agongegonge na ukuta wa nyuma ya injini kidogo maana distributa ilikuwa inagusa. Gari imekuwa nyepesi mpaka raha, natoka Tanga, Muheza, Korogwe hadi Mombo geji ya joto imetulia katikati haitikisiki.

Shida inaanza nikiacha lami kuu pale Mombo kuanza kupanda. Zile kona za kuelekea Soni, gia ya pili, mbele yangu fuso la simenti, naona geji inapanda taratibu mpaka juu kabisa. Mara ya mwisho nilipaki Soni nikafungua boneti, maji yanamwagika kwenye mfuniko wa rejeta na feni imesimama kimya, nikajua fyuzi imekatika. Nikakaa kama nusu saa ipoe, nikawasha, feni hiyo ikazunguka vizuri tu! Fyuzi nzima. Na asubuhi pia nikiwasha gari ya baridi feni inazunguka hapohapo.

Fundi keshatoa themostati (valvu ya kufungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto), keshabadilisha pampu ya maji, sasa anasema rejeta ya 4K ni ndogo nitafute kubwa, laki tatu na nusu. Nisaidieni kabla sijatoa hiyo hela.

spana14
Pole mkuu. Kabla ya yote hakikisha gasketi ya hedi ni nzima maana ulishachemsha zaidi ya mara moja. Gari ikiwa ya baridi kabisa fungua mfuniko, washa, angalia kama kuna mapovu yanatoka mfululizo bila kukoma, na angalia oili kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Na tafadhali usije ukafungua mfuniko ikiwa ya moto, nimeona mtu kaungua mkono mzima hadi kwapani.

mwana_wa_dx
Nimefanya asubuhi hii. Oili safi. Mapovu yalitoka machache mwanzoni, nikiminya mpira wa juu wa rejeta yanaongezeka, halafu yakaisha.

bwana_waya
Mkuu usinunue rejeta, jibu umeliandika mwenyewe hapo juu ila hujalitambua. Feni inazunguka injini ikiwa ya baridi, inasimama injini ikichemka, ikipoa inazunguka tena. Yaani inafanya kazi kinyume!

Sensa ya feni ya hizi Toyota za miaka ile, na hiyo ya 4A-FE ikiwemo, iko tofauti na wengi wanavyodhani. Ikiwa ya baridi inapitisha umeme kwenda bodi ya gari (ethi), chini ya nyuzi 83 hivi, maji yakifika kwenye 93 inakata. Toyota wenyewe waliiwekea rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayofanya kazi kwa kugeuza, sensa ikikata ndo feni inawaka, na faida yake ni kwamba hata waya wa sensa ukikatika njiani feni inabaki inazunguka, injini haiungui. Sasa fundi wako nina uhakika kafunga rilei ya kawaida akaunganisha mguu wa 87, ule unaotoa umeme rilei ikivuta. Barabara kuu hukuona shida kwa sababu upepo wa mwendo unatosha kupoza, ila ukipanda polepole nyuma ya fuso hakuna upepo wowote, feni peke yake ndo ingekuokoa na ndo muda huo inazima.

Chomoa sensa, itumbukize ncha kwenye sufuria ya maji jikoni, weka testa, utaona mwenyewe maji yakikaribia kuchemka testa inanyamaza. Ukishahakikisha chukua rilei ya miguu mitano, waya wa feni uutoe 87 uupeleke 87a, ule unaotoa umeme rilei ikiachia. Lakini sikiliza hapa vizuri, umeme wa mguu wa 30, yaani unaoingia kwenye rilei kwenda feni, usitoke moja kwa moja kwenye betri, upitie rilei nyingine inayowashwa na swichi ya ufunguo, la sivyo ukizima gari feni itazunguka usiku kucha na asubuhi betri huna.

Na baada ya hapo bandika karatasi mbele ya rejeta, kama feni iko upande wa injini inatakiwa ivute karatasi, ikiisukuma ujue waya umegeuzwa.

254_dx
Huyo wa waya amesema ukweli mtupu, lakini kuna mambo mawili bado, mimi pia nilipitia hii njia na DX yangu huku Mombasa.

Ya kwanza rudisha themostati, tena original ya nyuzi 82. Najua makanika wetu wakiona gari inachemsha kitu cha kwanza ni kutoa themostati, na kwa injini za zamani mtu anaweza kubahatika, lakini kwa 4A imekaa upande maji yanaporudi kutoka rediata, na ina valvu ya pili huko nyuma yake ambayo injini ikipata joto inafunga njia ya mkato. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote, maji mengi yanazunguka ndani ya injini tu bila kupita kwa rediata. Kwa hivyo umeitoa ndio upoze na umezidisha joto. Ukiirudisha kile kipini kidogo kinachochezacheza kiangalie juu ndio hewa ipate pa kutokea.

Ya pili ni hewa. Hii injini ilikuwa imelala upande kwa gari yake, ukiigeuza mdomo wa maji ya moto unakuwa huko nyuma karibu na ukuta. Fundi amepitisha wapi bomba la kuja mbele?

mwana_wa_dx
Aisee. Limepita juu ya kava la valvu, bomba la chuma, limeinuka kuliko hata mfuniko wa rejeta.

254_dx
Basi hapo ndio hewa inakaa, yale mapovu uliona ukiminya ni hiyo. Lishushe bomba lipite kando ya hedi, na ikishindikana mwambie achomelee nati na bolti pale juu kabisa ya kufungulia hewa. Ukijaza maji paki kwa mwinuko pua ikiangalia juu, hita fungua yote, jaza polepole.

mwana_wa_dx
Wakuu nimerudi baada ya siku tisa. Sensa niliichemsha kwenye sufuria, mke wangu akishika saa mimi nimeshika testa, ikakata kweli kabla maji hayajatokota. Rilei tumegeuza, themostati mpya, bomba limeshushwa na bolti ya hewa imewekwa, siku ya kwanza kuifungua ilipumua sekunde nyingi kabla maji hayajafika. Rejeta ni ileile ya 4K, nimeisafisha tu na kuweka mfuniko mpya wa presha ya 0.9.

Jana nimepanda Mombo hadi Lushoto saa nane mchana, watu wanne na magunia mawili. Nyuma ya lori tena. Geji ikapanda kidogo juu ya kati, nikasikia feni imeingia, ikashuka, feni ikakata, hivyohivyo mpaka juu. Nawashukuru sana, kwa kweli sina cha kuwalipa.

bwana_waya
Safi sana. Umejaza maji ya bomba au kulanti?

mwana_wa_dx
Maji ya bomba.

bwana_waya
Yamwage wikiendi hii uweke kulanti, hedi ya hiyo injini ni aluminiamu, maji matupu yanaila.