Misa ya shukrani ya wahitimu: gumzo la jumuiya, Bagamoyo

Mwenyekiti: Tumsifu Yesu Kristo. Wanajumuiya, mwaka huu tuna wahitimu 6. Familia zimependekeza Misa ya shukrani Jumapili, 29 Novemba 2026. Leteni maoni kabla sijaenda ofisi ya parokia.

Katekista: Milele amina. Tarehe 29 ni Jumapili ya 1 ya Majilio. Rangi ni zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi, maua yanapunguzwa, na Misa ya siku haibadilishwi kwa ajili ya shukrani. Nashauri tarehe 15, Jumapili ya 33 ya Mwaka A wa masomo ya Misa. Injili yake ni mfano wa talanta, Mathayo 25:14-30. Mhitimu atake mahubiri gani tena?

Mama Neema: Na tarehe 22? Ndugu wa Dar wana nafasi.

Katekista: Hiyo ni Kristo Mfalme, mama. Wahitimu watamezwa na sherehe.

Mwalimu wa Kwaya: Tarehe 15 naiunga mkono. Utukufu tunao, ngoma tunazo. Ila wimbo wa shukrani baada ya Komunyo uwe mmoja, msiniletee orodha ya nyimbo 4.

Mhasibu: Sadaka ya nia, yaani ya kuombewa Misa, kila familia itoe yake au tuchange?

Katekista: Changeni, iandikwe nia moja: "Shukrani, wahitimu wa jumuiya." Familia 6 zikitoa sadaka 6 kila moja kwa nia yake, kila sadaka inadai Misa yake (kanuni ya 948 ya Sheria za Kanisa). Kiwango hupangwa na maaskofu, kwa hiyo msibishane na karani dirishani. Asiye na kitu asijifiche, maana mapadri wanahimizwa kuadhimisha Misa kwa nia za wahitaji hata bila sadaka. Mwenyekiti, uliza pia ni Misa ipi ya asubuhi ina nafasi. Kila Jumapili paroko anatoa Misa moja kwa ajili ya waamini wake wote, na hiyo haiwekewi nia yetu.

Baba Joni: Vijana waingie kwa maandamano na majoho yao, na vyeti vipelekwe altareni wakati wa vipaji. Itapendeza.

Mwalimu wa Wasomaji: Shikamoo Baba Joni. Joho sawa, kofia ivuliwe mlangoni. Vyeti hapana. Kipaji ni kitu unachokitoa kikaondoka mkononi mwako. Cheti utarudi kukichukua baada ya Misa! Mkate na divai kwanza, kisha vya maskini. Na Jumapili hiyo ya 33 ndiyo Siku ya Maskini Duniani, aliyoiweka Papa Fransisko. Mchele, sukari, sabuni, mafuta ya kula. Vifungwe vizuri, mfuko usipasukie njiani katikati ya kanisa.

Baba Joni: Marahaba mwalimu. Nimekuelewa.

Mwalimu wa Wasomaji: Wasomaji wawili kutoka kwa wahitimu. Somo la kwanza Mithali 31, la pili 1 Wathesalonike 5:1-6. Someni kwenye Kitabu cha Masomo, siyo simu: skrini huzima, meseji huingia, msomaji anapoteza mstari. Maandishi mekundu hayasomwi. Mtu akianza na "Somo la kwanza" ujue hakufanya mazoezi. Maliza, nyamaza kidogo, ndipo useme "Neno la Bwana". Zaburi 128 iachieni kwaya.

Maombi ya waamini yawe 5, kila moja sentensi moja. Kanisa kwanza, kisha viongozi wa nchi na dunia, kisha wenye shida, kisha jumuiya yetu na wahitimu wake. La mwisho marehemu. Kosa la kila mwaka ni kugeuza ombi la wahitimu kuwa tangazo: jina, shahada, chuo, jina la mzazi. Mungu anawajua, na waamini wengine wana watoto waliofeli.

Mama Neema: Sasa neno la shukrani la wazazi linaingia wapi? Baada ya Injili?

Katekista: Hapana, mahubiri ni ya padri au shemasi. Ni baada ya Sala baada ya Komunyo, kwenye matangazo. Mzungumzaji mmoja, dakika 3, kisha padri awabariki. Mpiga picha asipande altareni.

Tedi (mhitimu): Shikamooni. Tukinywa chai nyumbani asubuhi tutaruhusiwa kukomunika?

Katekista: Marahaba. Saumu ni saa moja kabla ya kukomunika, siyo kabla ya Misa. Maji na dawa havivunji. Ila mwenye dhambi kubwa aungame kwanza. Msingoje dakika 5 kabla ya Misa ndipo mmtafute padri, atakuwa anavaa.

Tedi: Asante. Nikipata kazi yenye zamu za Jumapili?

Katekista: Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili. Ukikosa zote kwa sababu nzito, huna dhambi. Nenda ibada ya kigangoni kama ipo, au sali nyumbani. Misa ya redioni ni faraja kwa mgonjwa, haichukui nafasi yako wewe mwenye miguu.

Mwenyekiti: Hapo niongeze, maana ndiko vijana wanakokwama. Kabla hujahama, chukua barua ya utambulisho kwangu, paroko aigonge muhuri, uipeleke jumuiya ya huko ndani ya mwezi wa kwanza. Usipojiandikisha, siku ya ndoa au ubatizo wa mtoto utaambiwa hujulikani, na mimi siwezi kukushuhudia nikiwa Bagamoyo. Piga picha cheti cha ubatizo: namba ya kitabu, tarehe, parokia. Kitabu kinabaki pale ulipobatizwa, na kipaimara na ndoa huandikwa humo humo. Ndiyo maana ukitaka kuoa huombwa cheti kipya, mara nyingi kilichotolewa ndani ya miezi 6. Cha zamani hakionyeshi kama umeshafunga ndoa kwingine.

Mama Neema: Cha Neema kimeandikwa Jimbo la Morogoro.

Katekista: Ni halali. Jimbo la Bagamoyo limeundwa 2025, parokia na kitabu ni vilevile. Kipya kitatoka na jina la jimbo jipya.

Baba Joni: Na ambaye hajapata kazi? Wa kwangu anaona aibu kusimama mbele.

Mwenyekiti: Asimame. Anashukuru kwa kumaliza masomo, ajira ni ombi lingine. Na Jumapili inayofuata aje VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki wafanyakazi. Mle wamo wenye kazi, nafasi zikitokea huambiana, na akihitaji mdhamini wa maombi ya kazi atapata mtu anayemfahamu.

Mhasibu: Mchango basi: nia, vipaji na maji ya kwaya. Keki?

Mwenyekiti: Keki baada ya Misa, nyumbani kwa mwenye keki. Mazoezi ya wasomaji Ijumaa tarehe 13, saa 11 jioni, kanisani. Tedi, wewe Wathesalonike.